Jinsi ya Kuachana na Boxer kwa Heshima: Mwongozo kwa Msafiri wa Ilagala

Anza na mgongo. Mtu akisema anataka pikipiki nyingine kwa sababu anaitaka tu, nyumbani ataulizwa kuhusu ada, mabati na ng'ombe wa mahari ambaye bado anadaiwa. Mgongo hauulizwi. Kwa hiyo ukirudi kutoka Kigoma mjini usishuke upesi kama kawaida yako. Kaa kidogo juu ya Boxer, shika kiuno, guna, kisha mwite mtoto akuletee kigoda. Rudia kila safari mpaka mama watoto aseme kwa kinywa chake, "Baba nanii, hii pikipiki itakuua." Hapo usijibu kitu. Tazama chini kama mtu aliyeonewa. Ukidakia mara moja, "Hata mimi naona," umeharibu. Atajua ulikuwa unalisubiri neno hilo, na itakubidi uanze upya na kigoda.

Barabara ilaumu, lakini kwa kiasi. Ni kweli kwamba njia ya kutoka Ilagala kwenda mjini kupitia Simbo ina vumbi la kiangazi na tope la masika, na mwili unaijua kila hatua. Ni kweli pia kwamba ukivuka Malagarasi kwa kivuko kwenda Kajeje, ukashika njia ya Sunuka, Sigunga na Herembe mpaka Kalya, utafika ukiwa na viungo ambavyo hukujua unavyo. Na anayekwenda Mpanda kupitia Uvinza na Mishamo ana mengi ya kusimulia. Ila ukiisema barabara sana, atatokea mzee mwenye busara akushauri usubiri lami, na huo ni mwongozo mwingine, mrefu kuliko huu.

Mtu wa kumkwepa kuliko wote ni fundi wako. Fundi ndiye adui wa pikipiki mpya. Atachuchumaa nyuma ya tairi, atabonyeza siti kwa kiganja, ataangalia springi, kisha atatamka maneno ya kukukatisha tamaa: "Mwalimu, shokapu zako zimekazwa mpaka mwisho."

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea kwa kusikiliza ukweli. Shokapu za nyuma za Boxer zina pete yenye vidato chini ya springi. Ukiizungusha kidato kimoja kimoja, springi inabanwa zaidi au inalegezwa. Aliyekuuzia alikuwa bodaboda. Alikuwa anapakia mshikaki, abiria watatu na pengine mtoto wa mmoja wao, na gunia la muhogo juu ya keria. Mtu wa namna hiyo hukaza pete mpaka kidato cha juu na kuisahau huko, kwa sababu asipofanya hivyo madigadi itakula tairi. Wewe ukainunua, ukaanza kuipanda peke yako na mkoba wa madaftari. Zile springi bado zinasubiri watu watatu ambao hawaji, na mgongo wako ndio unaowapokea kwa niaba yao.

Fundi ataendelea. Atasema upepo wako umezidi, kwa sababu unaupima kwa kidole gumba mpaka tairi liwe gumu kama ngoma. Atasema sponji ya siti imekwisha, umekalia bati lenye ngozi juu. Atapendekeza alegeze vidato viwili, apunguze upepo, na akutafutie kipande cha godoro zuri, yote kwa bei isiyofikia hata doti moja ya kitenge kizuri cha Kongo. Mshukuru. Mwambie utarudi Jumatatu. Jumatatu pita njia ya nyuma.

Sasa uko huru kuchagua.

Ndoto ya kwanza ya kila mwanamume aliyewahi kusimama barabarani Uvinza ni ile pikipiki ya Mzungu. Umewaona: wanashuka kutoka Burundi au Kasulu, wanaelekea Mpanda na Sumbawanga, wamefunikwa vumbi, masanduku ya aluminiamu kila upande, na kioo cha mbele kikubwa kuliko dirisha la darasa. Mara nyingi ni BMW ya GS. Ile ya 1250 ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta, na siti yake iko sentimita 85 kutoka ardhini kabla hujaanza kuipandisha. Mwaka 2007 mwigizaji Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman walipanda GS za wakati huo, toleo lenye tangi la lita 33, kutoka Uskoti mpaka Cape Town, wakapita na hapa kwetu Tanzania. Walistarehe, ndiyo. Nyuma yao kulikuwa na magari yaliyobeba wasaidizi, spea na watu wa kamera. Ukiweza kupata magari mawili ya kukufuata mpaka Sunuka, mgongo wako utapona hata juu ya Sanlg.

Kama huna magari hayo, fikiria tu siku GS inapolala kwenye mchanga. Kilo 249 hazinyanyuliwi kwa sala. Zinanyanyuliwa na vijana wanne wa kijiwe, ambao kwanza watapiga picha, kisha watataja bei, kisha watauliza inakula lita moja kwa kilometa ngapi, na jibu lako litawafanya wacheke mpaka waiachie tena. Isitoshe, huyo huyo Mzungu ana mzee wake anayemheshimu, Ted Simon, aliyeondoka London mwaka 1973 kwa Triumph ya kawaida ya cc 500 na kuzunguka dunia miaka minne, Afrika Mashariki ikiwemo. Ila habari hizi usimsimulie mama watoto. Atauliza, kama huyo alizunguka dunia, Boxer imekushindaje kufika Simbo?

Kubadilisha Boxer kwa TVS sikushauri. Si kwamba TVS ni mbaya. Wenyewe wanaipenda na watanifuata kijiweni kwa maneno haya. Tatizo ni kwamba hakuna atakayegundua umebadilisha, na safari yote hii ya kuguna kwenye kigoda itakuwa imekwenda bure.

Zinabaki zile za miradi. Hizi ndizo pikipiki za safari za kwetu, hata kama hakuna tangazo linaloziita hivyo: Honda XL ya cc 125 na Yamaha DT ya cc 125, ndefu, zenye madigadi iliyoinuka juu ya tairi la mbele na bomba la moshi lililopandishwa kama suruali ya mtu anayevuka kijito. Mkoa wa Kigoma umezijua tangu zamani, kwa maafisa ugani, watu wa chanjo, watu wa misitu, na mashirika yaliyojaa Kasulu tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996. Mradi ukiisha, pikipiki huenda mnadani, na hapo ndipo unapokutana na dalali.

Dalali atakuambia ilikuwa ya mama mmoja wa shirika, aliyekuwa akiitumia kwenda ofisini tu. Mama huyo anastahili sanamu, maana kila XL iliyowahi kuuzwa mkoani ilikuwa yake. Atakuambia pia imetembea kidogo. Huwezi kubisha, kwa sababu waya wa spidomita umekatika na mshale umelala kwenye sifuri, jambo linaloonyesha kwamba kwa hakika haijatembea kabisa. Omba kadi. Akisema kadi iko Dodoma inashughulikiwa, mwambie na pesa yako iko Dodoma inashughulikiwa.

Tuwe wakweli kwa dakika moja: XL ni raha. Gurudumu la mbele lina inchi 21, la Boxer lina 17, na tofauti hiyo utaiona kwenye shimo la kwanza. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo dogo linaingia ndani yake kusalimia. Forku za mbele zina mwendo mrefu, nyuma kuna shokapu moja katikati, na usukani ni mpana kiasi cha mtu kusimama kwenye vikanyagio na kuacha pikipiki iruke chini yake. Safari ya kwanza utafika Kigoma ukiwa unaimba. Utapita Mwanga taratibu ili wakuone. Utaagiza migebuka na ugali, utakula umeketi wima, na hutashika kiuno hata kidogo.

Safari ya pili itakuja na mama mkwe.

Yeye yuko mjini, anataka kuja kuwaona wajukuu. Amezoea Boxer: unasimama kando ya kibaraza, anakaa upande, vitenge viwili, mkoba mapajani, heshima iko palepale. XL haina mlango huo. Siti iko juu kama kitanda cha besera, na kuipanda lazima mguu uvuke. Mama mkwe hatavusha mguu mbele ya mkwe, wala wewe huwezi kumnyanyua, na barabara nzima inatazama. Utamkodia bodaboda. Bodaboda atakuja na Boxer. Utaongozana nao mpaka Ilagala ukiwa peke yako juu ya pikipiki ya starehe, ukimlipa mtu mwingine ambebe mama wa mkeo.

Kwa DT nina neno moja tu la ufundi, na nalisema bila mzaha. Injini yake ni ya mipigo miwili, inahitaji oili yake ya kuungua pamoja na petroli. Ukiishiwa, kila mvuvi kando ya ziwa atakuonyesha kopo lake la oili ya injini ya boti na kukuambia ni Yamaha kwa Yamaha, ndugu moja. Si ndugu. Oili ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na mvuvi ana Ziwa Tanganyika zima la kuipozea. Ya kwako inapozwa na upepo, na kwenye kilima chenye mchanga, ukiwa gia ya kwanza, upepo wenyewe haupo. Mvuvi atakusikitikia kwa dhati pistoni ikigoma.

Spea ni jambo la kupita haraka, kwa sababu na zenyewe hazikai. Cheni na tyubu za Boxer ziko kila duka, karibu na sabuni na chumvi ya Uvinza. Waya wa kluchi wa XL utaagizwa Dar es Salaam, utapanda basi, utalala Tabora, na utakapofika utakuwa wa modeli nyingine.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia ni hiki: pikipiki ndefu inatangaza. Boxer ikipita, watu wanaona Boxer. XL ikipita, wanaona mtu anayekwenda mbali, na mtu anayekwenda mbali anaagizwa. Huku ni nchi ya michikichi, na mawese yana jamaa kila mji. Jioni kabla ya safari atakuja jirani na dumu la lita 20, "la shangazi yake pale Katubuka tu." Mawese ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo dumu hilo lina kilo kama 18, ukiacha dumu lenyewe. Atakuja wa pili. Wa tatu ataleta miche ya tenera, ile chotara ya michikichi tuliyoanza kuhubiriwa kwa nguvu tangu mwaka 2018, na itabidi isimame wima njia nzima kwa sababu ina thamani kuliko wewe. Utaipeleka XL kwa fundi wa kuchomelea akuwekee keria ya nondo. Shokapu ile laini, iliyokuwa ikikubembeleza, italala chini na kugonga kila tuta.

Utarudi kwa fundi wako wa zamani. Hatakuuliza ulikuwa wapi. Atachuchumaa, atatazama, na utamwomba mwenyewe, kwa sauti ya chini, aikaze mpaka mwisho.

Limebaki suala la Boxer. Usiiuze kwa mtu baki, maana utaiona kila siku na atakulalamikia kila siku. Mpe shemeji kwa bei ya kifamilia, yaani nusu sasa na nusu baada ya mavuno, bila kutaja mavuno ya mwaka gani. Shemeji ni kijana msikivu. Ataipeleka kwa fundi siku ile ile, ataambiwa habari za vidato viwili, upepo na godoro, na atakubali zote kwa sababu hakuna aliyemwambia asikubali.

Kwa hiyo siku utakayokuwa umekaa kando ya barabara pale Simbo, XL imelala kwenye stendi, wewe unasubiri basi lenye waya wa kluchi, usishangae kusikia mlio unaoufahamu. Atapunguza mwendo, atasimama bila kushika kiuno, na ataamkia kwa adabu zake zote.

"Shikamoo shemeji. Nakwenda mjini narudi leo leo. Dumu moja naweza kukusaidia."

Mpe mawili.