Kilemba cha Bi Kanuni

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kanuni ya antena, ile ya chama cha wakazi inayoamua mlingoti wa nani usimame na hadi kimo gani, haijawahi kupigiwa vigelegele na mtu, nami leo namvika kilemba. Atakayesema ni cha ukoka na aseme.

Bi Kanuni anaishi Marekani, katika vitongoji vya marubani, ambako ubavuni mwa nyumba kuna banda la ndege (si ndege wa manyoya, ni ndege za injini) na barabara ya mtaa huishia kwenye njia ya kurukia. Sierra Sky Park ya Fresno ilianza hivyo mwaka 1946. Huko Cameron Park, California, barabara zina upana wa futi 100, na vibao vya mitaa na masanduku ya barua vimeinama kama mkwe mbele ya mkwewe, ili bawa lipite.

Kila kitu kimeinama, isipokuwa antena. Antena haina haya. Mwenye redio ya ridhaa atakwambia waya wa mawimbi ya mita 20 unapendeza ukitundikwa mita 10 juu. Na huenda ndiye rubani yuleyule: asubuhi anatua huku akiulaani mlingoti wa jirani, jioni anailaani kamati ya chama iliyomkatalia wake. Nani mwingine angemsuluhisha mtu na nafsi yake?

Si serikali. Yenyewe hutaka kuarifiwa mnara ukizidi futi 200, na hata mfupi zaidi ukiwa karibu na kiwanja cha ndege cha umma. Kiwanja binafsi, wenyewe wajijue. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ilizitaka serikali za mitaa ziwafikirie watu wa redio, lakini mikataba ya majirani haikuigusa. Mwaka 1996 ikalikingia kifua dishi lisilozidi mita 1. Pengo lililobaki amelikalia Bi Kanuni na faili lake.

Tena ni mlezi wa vipaji. Bila yeye, nani angewaza kuficha antena ndani ya mlingoti wa bendera? Tangu 2006 sheria inavizuia vyama vya wakazi kumkataza mtu kupeperusha bendera ya taifa nyumbani kwake, japo masharti ya mlingoti vinaweza kuweka. Basi uzalendo hupanda ghafla, hasa kwa wale ambao waya wao wa darini, uliolazwa juu ya masanduku ya nguo kuukuu, haufiki Japani. Kuipenda nchi kunahitaji futi ngapi? Kamati inalijadili, futi kamba mkononi.