Barua ya Wazi kwa Wizara ya Uhamiaji na Hifadhi ya Ugiriki

YAH: PONGEZI KWA KUPIMA UBORA WA MGENI KWA MITA ZA MRABA

Mheshimiwa Waziri,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Barua hii inaandikwa kwa heshima zote ili kuipongeza Wizara kwa kufaulu kutambua, bila hata kumwona mtu usoni, ni mgeni yupi anayefaa kuhamia katika visiwa vya Ugiriki na ni yupi asiyefaa. Mafanikio hayo yametokana na taratibu tatu ambazo serikali imezibuni kwa nyakati tofauti. Wa kwanza ni viza ya dhahabu, yaani kibali cha ukaazi cha miaka 5 ambacho tangu mwaka 2013 hupewa raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya anayenunua nyumba au ardhi. Wa pili ni viza ya wafanyakazi wa mbali, yaani watu wanaofanya kazi kwa kompyuta popote penye intaneti, ambayo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2021 na humtaka mwombaji aoneshe kipato kisichopungua yuro 3,500 kwa mwezi. Wa tatu, ulioanza mwaka 2020 na kuachiwa mamlaka za kodi, humruhusu mstaafu wa kigeni anayehamishia ukaazi wake wa kikodi nchini humo kulipa asilimia 7 tu ya kipato anachokipata nje ya nchi, kwa muda wa miaka 15.

Anayezisoma taratibu hizo kwa pamoja haoni shida kuubaini uzi unaoziunganisha. Mwenye viza ya dhahabu haruhusiwi kuajiriwa nchini wala halazimiki kuishi humo. Mfanyakazi wa mbali amekatazwa kumtumikia mwajiri aliyeko Ugiriki. Na mstaafu, kwa maana yenyewe ya ustaafu, amekwishaweka zana chini. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wakiamini kwamba ugeni una kikomo na kwamba heshima ya mtu katika mji wa watu hukamilika pale anaposhika kazi pamoja na wenyeji wake. Wizara imeirekebisha methali hiyo kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa mgeni wake bora hukaribishwa kwa miaka 5 kwa sharti la kutoligusa jembe, na anapoomba kuongezewa miaka 5 mingine hutakiwa kuthibitisha kwamba bado anaimiliki nyumba, si kwamba amewahi kulala ndani yake.

Inasikitisha, hata hivyo, kwamba wapo watu wasiolielewa lengo hili ambao huja visiwani na kuishi kweli, wakiwemo wazee wa Kiingereza wa Kreta na Corfu, ambao hulima vitunguu, hufuga paka wa mtaani na kujaribu kuzungumza Kigiriki na muuza samaki. Kwa watu wa namna hiyo dola imeandaa mafunzo maalumu ambayo, kwa unyenyekevu, haikuyatangaza. Somo la kwanza ni AFM, yaani namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9, ambayo bila hiyo mtu hawezi kupanga nyumba kihalali, kufungua akaunti ya benki wala kuunganishiwa umeme kwa jina lake. Benki huweza kumtaka mteja mpya alete hati ya kodi ya mwaka uliopita, mwaka ambao mteja huyo alikuwa akiishi nchi nyingine. Naye anaposhauriwa aepuke foleni kwa kutumia tovuti ya serikali, gov.gr, iliyozinduliwa mwaka 2020, huambiwa kwamba tovuti hiyo hufunguka kwa nywila za mamlaka ya kodi, ambazo hutolewa kwa mwenye AFM.

Somo la pili ni karatasi ya tamko chini ya Sheria Namba 1599 ya mwaka 1986, ambayo kwayo mtu hujitamkia ukweli wake mwenyewe na kukubali adhabu akibainika kusema uongo, kisha huipeleka katika KEP, yaani kituo cha kuhudumia raia, ili saini yake ithibitishwe kwa muhuri. Karatasi hiyo humuuliza jina la baba na jina la mama, na mstaafu wa miaka 74 aliyewazika wazazi wake zamani hujikuta akiwaandika upya kila anapoomba huduma. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambaye amezoea kuitwa fulani bin fulani, ataona ni adabu ya kawaida tu. Mwingereza, kwa upande wake, huanza kushuku kwamba marehemu baba yake anadaiwa kodi.

Anayefaulu masomo hayo hupewa cheti, nacho ni bili ya umeme. Hati hiyo, mbali na gharama ya umeme wenyewe, hubeba tozo za manispaa, ambazo hukokotolewa kwa mita za mraba za nyumba, pamoja na mchango wa kuliendesha shirika la utangazaji la taifa, ambao hulipwa hata na asiye na televisheni wala asiyeelewa neno moja la taarifa ya habari. Ifikapo Februari mlipaji huyo huanza kuelewa kisiwa ni nini. Hoteli zimefungwa, migahawa mingi imegeuza viti juu ya meza, na upepo unapofikia nguvu 8 katika kipimo cha Beaufort mamlaka za bandari kwa kawaida huzizuia meli kung'oa nanga, hata ikawa mboga, mitungi ya gesi na dawa za shinikizo la damu husubiri katika bandari ya Piraeus pamoja na fundi bomba. Katika siku hizo jirani anayegonga mlango akiwa na mayai sita na habari kwamba meli ya kesho nayo imeahirishwa ana thamani ambayo hakuna mkaguzi wa viza aliyewahi kuikadiria.

Ni katika suala la thamani ambapo Wizara imeonesha umahiri wake wote. Viza ya dhahabu, ambayo ilianza kwa yuro 250,000, sasa hudai yuro 800,000 katika Attica, Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye wakazi zaidi ya 3,100, na yuro 400,000 katika sehemu nyingi nyingine, mradi mali iwe moja na isipungue mita za mraba 120. Kwa kanuni hiyo kisiwa chenye wakazi 3,101 humdai mnunuzi mara mbili ya kisiwa chenye wakazi 3,100. Mtoto anayezaliwa siku moja baada ya karani wa sensa kufunga daftari lake hawezi kuipandisha bei hata kwa senti moja, huku mzee anayezikwa wiki hiyohiyo akiendelea kuilinda akiwa kaburini hadi sensa nyingine ifanyike.

Zipo kasoro ndogo. Walimu wa muda, ambao serikali huwapeleka visiwani kila Septemba, na madaktari wa vituo vya afya hukosa pa kulala katika visiwa kama Santorini na Mykonos, kwa sababu nyumba zimegeuzwa malazi ya watalii au hupangishwa kwa sharti kwamba mwalimu aondoke kabla ya msimu. Kwa bahati mbaya mwalimu hana mita za mraba 120. Ana sanduku na barua ya uteuzi.

Kasoro nyingine iko katika kisiwa cha Samos, ambako Septemba 2021 kilifunguliwa kituo cha waomba hifadhi huko Zervou, mbali na mji wa Vathy, chenye uzio maradufu wa seng'enge, kamera na milango ya kuzunguka inayofunguka kwa kadi na alama za vidole. Waafghani, Wasiria, Wasomali na hata Wakongo wamefika katika visiwa vya Aegean kwa mashua za mpira, na Wizara inayowasubirisha ndiyo hiyohiyo inayotoa viza za dhahabu. Wengi wao wana kosa moja kubwa, nalo ni kwamba wanataka kazi. Kosa hilo si geni kwa serikali, kwa maana Desemba 2023 Bunge la Ugiriki lilipitisha sheria ya kuwapa vibali wahamiaji wasio na hati waliokuwa wameishi nchini miaka 3 na wenye mwajiri, baada ya mashamba na ujenzi kukosa mikono.

Kwa kuzingatia hayo, barua hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, kipimo cha ukaazi kibadilishwe kutoka mita za mraba kwenda Februari, ili anayemaliza Februari tatu mfululizo kisiwani aongezewe kibali bila kuulizwa tena jina la baba yake. Pili, mwalimu, daktari na fundi bomba waandikishwe kuwa wawekezaji, na mwenye nyumba inayokaa imefungwa kuanzia Oktoba hadi Mei atakiwe kuwakabidhi funguo kwa kodi ya haki. Tatu, fomu zote za Wizara, ya tajiri na ya aliyekuja kwa mashua, ziwe na swali moja la pamoja: mwombaji anajua kufanya nini?

Endapo mapendekezo hayo yataonekana magumu, Wizara inaweza kuendelea na utaratibu wa sasa, ambao nao una mantiki yake. Visiwa vitaendelea kuuzwa kwa wasioishi humo, walimu na madaktari watakosa nyumba, familia zenye watoto zitahamia Athens, na hatimaye wakazi watapungua hadi 3,100, ambapo bei ya kibali itashuka kwa nusu na wanunuzi wataongezeka.

Barua hii inaitakia Wizara kazi njema.

Nakala: Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya, Mamlaka ya Kodi (pamoja na jina la baba na jina la mama).