Heko kwa Foleni ya Malaba

Wapo waliosifia bahari, wapo waliosifia milima. Foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, haijapata mshairi, ingawa urefu wake unatosha utenzi mzima.

Trela inayotoka Mombasa imekwisha kula kilomita zaidi ya 900, dereva ana kiburi cha kulipita kila gari njiani. Malaba inamfunza adabu. Mzigo wa Kampala, wa Kigali, wa Juba na wa Goma yote inasimama mstari mmoja, na namba za usajili hazibaguani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 1999, na wakubwa wamekutana mara nyingi tangu hapo. Lakini anayewaketisha Mganda, Mnyarwanda na Mkongomani kwenye benchi moja la mama chai, wakagombea kopo moja la sukari, ni foleni.

Wataalamu husema inaumiza uchumi. Uchumi wa nani? Chungulia chini ya trela jioni: jiko la makaa limekingwa upepo na gurudumu, na tanboi mwenye kandambili amechutama anasonga ugali, kichwa kimeinama asijigonge kwenye chesisi. Upande wa pili dereva anaoga kwa nusu jerikeni. Inaonekana miguu tu, na povu. Kijana wa mayai anapita, anapasua moja, anashindilia kachumbari, kisha anarudisha chenji ya shilingi za Kenya kwa noti ya Uganda, hesabu yote kichwani. Foleni ikiisha, huyu amuuzie nani? Malori yanayopita mbio hayali mayai.

Maadui haikukosa. Reli ya SGR ilikuwa ije mpaka huku kuimaliza. Mwaka 2019 ikafika Naivasha, ikakata pumzi. Kule Busia, mpaka jirani, Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja, gari likaguliwe mara moja tu, katika nchi linakoingia. Malori yakapiga foleni kuingia humo.

Na ikikasirika, husikika mbali. Januari 2022 Uganda ilitaka kila dereva alipe dola 30 apimwe Korona. Madereva wakagoma, foleni ikajinyoosha makumi ya kilomita kurudi nyuma upande wa Bungoma, na kule Uganda petroli ikapaa bei. Ada ikafutwa. Nitajie mbunge mmoja aliyewahi kusikilizwa upesi hivyo, tena bila kufungua mdomo.

Msafiri asiye na trela, basi, huikosa heshima hii yote. Anapanda bodaboda, anachomekwa kati ya matela na mtaro, magoti yakikwepa vioo vya pembeni, na kabla hajajua bei amefika getini. Madereva wanamtazama kutoka juu, wanatafuna mayai, na wala hawaoni alichokuwa anakimbilia.