Jumamosi, Saa Uue

Kamati ya harusi inaweza kubishana wiki nzima juu ya bei ya vinywaji, lakini mwandiko wa kadi za mchango huamuliwa na mtu mmoja, akiwa amesimama. Kwetu alikuwa shangazi, mwenyekiti. Kijana wa steshenari alimpitisha kwenye fonti zake zote, akaishia kwenye moja ya herufi zilizoshikana, zimelala kidogo, utadhani zimeandikwa kwa mkono na mtu mwenye haraka na furaha.

"Hii ndiyo inatoka sana, mama."

"Weka hiyo hiyo. Ina maringo."

Fonti hiyo ni Mistral. Mfaransa Roger Excoffon aliichora akifuata mwandiko wake mwenyewe, na mwaka 1953 kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive, Marseille, kikaitoa kwa jina la upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa. Ufundi wake uko kwenye maungio: mkia wa herufi huishia pale pale jirani yake anapoanzia, ingawa enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande chake cha risasi. Kwa jina la saluni, duka la maua au maharusi, haina mpinzani. Balaa huanza ikipewa kazi ya kutoa maelezo.

Kiswahili nacho kimejaa m, n, u na w. Ziunge, uzilaze, na "mwanamume muungwana" anageuka mawimbi matupu. Wanakili wa Kilatini wa Ulaya ya kale walisumbuliwa na jambo hilo hilo, wakaanza kuitia i alama juu ili ionekane kati ya wenzake. Herufi n haikupata bahati hiyo. Kadi ilisema kikao ni Jumamosi saa nne. Baba mdogo akapiga simu.

"Mwanangu, hapa mmeandika Jumamosi saa uue. Nimuue nani?"

Kichwa cha kadi ndicho kilichotia fora, maana shangazi alikitaka chote kwa herufi kubwa, "tusionekane tunanong'ona." Herufi kubwa za mwandiko huu zimechorwa kutangulia neno, kila moja na mbwembwe zake, zikipangwa pamoja huwa kamati ya wenyeviti watupu. Hakuna aliyeweza kukisoma, shangazi mwenyewe akiwemo.

Kwenye namba ya simu, 1 na 7 zilikuwa mapacha. Baba mdogo alipojaribu kutuma mchango, likatokea jina la mtu asiye wa ukoo wetu. Akaona ni dalili njema, akairudisha simu mfukoni.

Toleo la pili, Mistral ilibakiziwa majina ya maharusi tu. Saa, ukumbi na namba zikahamia Arial, isiyochekeana na mtu. Baba mdogo nilimpelekea yake mkononi. Aliisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, bila kukwama popote. Kisha akaniuliza, kwa upole sana, kama ile ya kwanza bado inatumika.