Muulize Khocha: Gongo la Mwanao Lifike Wapi?

Muhula wa kwanza ukianza na shule zikaingia mazoezini, wazazi wa Kimilili, Kamukuywa, Misikhu na Kitale hukumbuka ghafla kwamba Khocha, mjomba wenu wa safu hii, ana maoni kuhusu magongo ya hoki. Wiki hii barua za ndoa na mashamba zimesukumwa kando. Imebaki moja tu ya mapenzi, na hiyo nayo ina gongo ndani yake.

*

SWALI: Shikamoo Khocha? Mdogo wangu anaishi Kanada. Nilipomwambia kijana wangu amejiunga na shule ya upili na anacheza hoki, alinitumia gongo jeusi, refu, linalong'aa. Kijana akalipeleka mazoezini. Kocha aliligeuzageuza, akawaita wenzake waje kuliona, wakacheka mpaka wakakaa chini. Sasa naambiwa haliruhusiwi uwanjani. Huu si wivu?
Baba Kijana, Kimilili

JIBU: Marahaba. Huu si wivu. Mdogo wako amekutumia gongo la hoki ya barafu, na usimlaumu, maana ukimtajia mtu wa Kanada hoki, hajui kwamba kuna nyingine. Kule mchezo wetu ndio unaoongezewa maneno ya kuueleza.

Lisimamishe gongo hilo kando ya kijana. Kama ni la mtu mzima litakaribia mita moja na nusu, na kanuni za hoki yetu ya uwanjani hazikubali gongo linalozidi sentimita 105. Kichwa chake ni ubao mrefu mwembamba ambao hutumika pande zote mbili, ilhali letu lina uso mmoja tu bapa, wa kushoto, na ukigusa mpira kwa mgongo wake refa anapuliza. Ajabu ni kwamba vinavyopigwa havipishani sana kwa uzito. Mpira wetu una gramu 156 hadi 163, na kile kisahani chao cha mpira mgumu kinaanzia gramu hizo hizo 156 hadi 170. Tofauti iko chini ya miguu. Barafu tunayoijua sisi hapa Kimilili ni mvua ya mawe, na hiyo haikai hadi wakati wa mapumziko.

Lakini usilipasue kuni. Nairobi kuna timu inayoitwa Ice Lions, iliyojifunza mchezo huo katika ukumbi wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka wa 2005. Ukumbi ni mdogo kuliko uwanja kamili, na kwa miaka mingi vijana hao hawakuwa na mtu wa kucheza naye ila wao kwa wao. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka huko wakacheza bega kwa bega na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka wa 2024 Kenya ikapokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Wao watalipokea gongo lako bila kucheka.

Kabla ya kulituma, lipime ili ujue litamfaa nani. Mchezaji akiwa amevaa viatu vya kuteleza, gongo limfike kidevuni. Akiwa na soksi tu, lifike kati ya kidevu na pua. Ubavuni utaona namba inayoeleza linavyopinda. Watu wa mchezo huo huanzia kwenye nusu ya uzito wa mtoto kwa ratili, yaani mtoto wa kilo 60, ambazo ni kama ratili 130, aanzie kwenye namba 65. Likiwa gumu kuliko nguvu zake halitapinda, na lisipopinda halitarusha kitu. Kosa la wazazi wa Kanada ni lile lile la wazazi wa hapa: kumnunulia mtoto gongo la baba yake. Hilo linanileta kwenye barua inayofuata.

*

SWALI: Khocha, nina mvulana wa miaka 13 anayekua kama mahindi ya mbolea. Nimeona gongo la inchi 37.5. Muuzaji ameniambia nikichukua hilo, mtoto atalitumia mpaka amalize shule. Nina wengine wawili nyuma yake. Nichukue?
Mama wa Watatu, Kamukuywa

JIBU: Mama, usichukue. Huyo muuzaji ana gongo ambalo limekaa dukani muda mrefu kuliko yeye.

Najua hesabu unayoipiga, kwa sababu ndiyo tuliyopigiwa sote. Sweta ya shule hununuliwa kubwa, mikono ikakunjwa mara mbili, na kila mwaka mkunjo mmoja ukafunguliwa. Gongo halikunjwi. Likiwa refu, ncha ya juu itamchoma tumboni kila anapoinama, kwa hiyo ataacha kuinama. Asipoinama, mikono itateremka katikati ya mpini, kichwa cha gongo kitainuka kutoka ardhini, na mpira utapita chini yake. Kocha ataandika kwamba mtoto ni mvivu. Mtoto si mvivu, amepewa mzigo.

Fanya hivi. Avae viatu vya kuchezea, asimame wima, gongo lisimame kando ya mguu wake kichwa kikiwa chini. Ncha ya juu imfike kwenye mfupa wa nyonga, karibu na pale anapofungia mshipi. Ikipanda hadi mbavuni, rudisha. Ikiishia katikati ya paja, rudisha pia, maana huyo atacheza akiwa amepinda na jioni atalalamikia mgongo. Magongo huuzwa kwa inchi, kuanzia 28 ya watoto wadogo, na watu wazima wengi huishia kwenye 36.5. Hilo la 37.5 ni la mtu mrefu kupita wengi. Kama kijana wako hajafika huko, lisubiri kijana.

Kisha pima uzito, jambo ambalo karibu kila mzazi hulisahau. Kanuni zinaruhusu hadi gramu 737, lakini magongo mengi ya sasa yana gramu 500 na kitu. Mpe alishike kwa mkono wa kushoto peke yake, juu kabisa, kisha alizungushe kwa kifundo cha mkono, uso uangalie kulia, halafu kushoto. Kama kifundo kinakwama na bega ndilo linalofanya kazi, ni zito. Asikudanganye kwamba ataizoea hali hiyo. Ataizoea kwa kucheza vibaya.

Kuhusu hao wawili walio nyuma, habari ni njema. Gongo linalomfaa huyu leo litamfaa wa pili wakati huyu ameshalipita. Ukinunua la inchi 37.5, watatu wote watalingoja.

*

SWALI: Binti yangu hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Nimezunguka Bungoma na Kitale nikitafuta gongo la kushoto sijapata. Kukhu wake, yaani bibi yake, anasema tumrekebishe huo mkono kwanza ndipo acheze. Nifanyeje?
Baba wa Mashoto, Misikhu

JIBU: Acha kuzunguka, na mwambie kukhu kwa heshima zote apumzike. Gongo la kushoto halipo katika hoki ya uwanjani. Uso bapa uko upande mmoja kwa wachezaji wote duniani, ili watu wasigongane wakitoka pande mbili.

Sasa sikia kitu kitakachomfurahisha binti. Katika mchezo huu mkono wa kushoto ndio hukaa juu ya mpini, na ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia hukaa chini, husukuma tu. Wale wanaoandikia kwa mkono wa kulia ndio hulia miezi ya kwanza, kwa kuwa kazi ngumu imepewa mkono wao mzito. Binti yako anaanza akiwa na nafuu. Kwenye barafu ndiko hutengenezwa magongo ya kushoto na ya kulia, na hata kule wachezaji wengi wa Kanada wanaoandikia mkono wa kulia hucheza na la kushoto. Mikono haimsikilizi kukhu hata Kanada.

*

SWALI: Khocha, sitaki hadithi ndefu. Nimeuza kahawa vizuri. Nataka gongo bora kuliko yote, la kaboni tupu, ili kijana wangu aingie kikosi cha kwanza. Nitajie jina.
Mkulima, Kimilili

JIBU: Hongera kwa kahawa. Jina sikutajii, na hadithi utaisikia.

Mwaka wa 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki, lililochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Miaka saba kabla ya hapo, Olimpiki ya Tokyo, ilikuwa imemaliza ya sita. Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Magongo yao yalikuwa ya mti, zaidi mforosadi, ule mti wa matunda meusi yanayochafua mashati ya watoto, yaliyochongwa huko Sialkot na Jalandhar. Hakuna aliyekuwa na kaboni, na hakuna timu ya Kenya iliyofika hapo tena.

Kaboni hufanya kazi gani? Hukaza gongo. Gongo lililokaza hutoa nguvu nyingi mpira unapopigwa, lakini mpira ukija kwa kasi hugonga na kuruka, haukubali kutulia. Mtu mwenye mikono iliyokomaa huweza kuutuliza. Anayejifunza huhitaji gongo laini kidogo, lenye faibaglasi nyingi na kaboni kidogo, linaloupokea mpira bila kuufukuza. Ndivyo ilivyo pia kwa mpindo wa mpini. Yapo yaliyopinda hadi milimita 25, ambazo ndizo mwisho wa kanuni, mpindo ukiwa chini karibu na kichwa. Hayo ni ya wataalamu wa kuzoa mpira na kuurusha kwenye kona. Mtoto akitumia gongo la namna hiyo, kila pasi yake itapaa, na mwenzake atapoteza jino. Achukue mpindo mdogo, ulio katikati ya mpini.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Gongo la kaboni tupu lilitengenezwa kwa ajili ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji. Mwanao atachezea uwanja wa nyasi halisi, wenye mawe madogo na vilima vya fuko. Kingo za kaboni zikigonga mawe hubanduka, na mpira ukigonga kilima cha fuko hauulizi gongo ni la shilingi ngapi.

Shule zilizo karibu nawe ndizo ushahidi wangu. Friends School Kamusinga ipo hapo hapo Kimilili, St. Anthony's iko Kitale, Misikhu Girls iko barabarani ukielekea Webuye, na majina hayo yanaogopwa katika hoki ya shule Kenya nzima. Hayakuogopwa kwa sababu ya risiti za wazazi. Ni kukimbia asubuhi, na mpira mmoja kupigwa ukutani mpaka mlinzi analalamika.

Kwa hiyo nunua gongo la bei ya kati linalomfika nyongani. Pesa inayobaki, nunua kikinga meno na vikinga miundi. Ukishanunua vyote na bado una pesa, nunua mipira kumi uipeleke shuleni. Kocha atalikumbuka jina la mwanao bila kuombwa.

*

SWALI: Mimi ni fundi seremala. Watoto wa mtaani kwetu wanacheza hoki na matawi ya mpera. Nikichonga magongo niwauzie shule za msingi, nitashtakiwa?
Fundi, Kitale

JIBU: Fundi, barua yako ndiyo iliyonifurahisha wiki hii.

Hutashtakiwa, lakini waangalie hao watoto kwanza kabla ya kushika msumeno. Wanachagua tawi ambalo limejipinda lenyewe. Hawajasoma popote, ila wako sahihi, maana nyuzi za mti ule zinafuata kona. Wewe ukikata umbo hilo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zitakatika pale pale kwenye kona, na kichwa kitaondoka siku ya kwanza. Watengenezaji wa zamani walikuwa wakiupinda mti kwa mvuke kwa sababu hiyo hiyo. Kama huna mvuke, tafuta tawi.

Uso wa kushoto uwe bapa na laini, mgongo uwe mviringo. Pasiwe na msumari, ukingo mkali wala kibanzi. Tengeneza pete ya chuma yenye upana wa ndani wa milimita 51; gongo zima lipite ndani yake, kwa sababu ndivyo waamuzi wanavyokagua. Lipime kwenye mizani ya duka. Kwa watoto wa msingi usikaribie kabisa zile gramu 737. Wauzie kwa ajili ya mazoezi, na mwalimu wao aamue yatakayoingia mechini. Na chonga ya urefu tofauti tofauti, tafadhali. Ukichonga saizi moja tu, wewe na yule muuzaji wa Kamukuywa mtakuwa ndugu.

*

SWALI: Khocha, mimi ni mwanachuo hapa Bungoma. Nampenda mchezaji wa hoki wa darasa letu, ila bado sijamwambia. Nataka kumpa gongo kama zawadi. Nitajuaje saizi yake bila kumuuliza?
Moyo Mzito, Bungoma

JIBU: Kipimo cha gongo kinafika nyongani. Wewe bado hujafika hata kwenye salamu. Mnunulie tepu ya kufungia mpini, ambayo haina saizi, kisha nenda kaitazame mechi yake hadi mwisho, hata mvua ikinyesha.

*

Wasomaji wengine, niandikieni kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Tajeni kimo cha mtoto kwa sentimita na mkono anaouamini. Barua zinazosema "ni mrefu kiasi" sizijibu.