Vumbi Halina Adabu

Jamani, eti vumbi nalo lina saizi! Mie kwangu vumbi ni vumbi. Likitua juu ya tivii napangusa, kesi imeisha. Sasa kaja mtoto wa dada, anasoma mambo ya afya chuoni, kafikia kwangu. Chumba na sebule, barabara ya vumbi mlangoni, bodaboda usiku kucha. Kakohoa kidogo, kaanza kunifundisha. Mimi! Mjomba mtu!

"Mjomba, hilo unalopangusa ndilo lenye afadhali."

Eti kipimo chake ni maikroni, na unywele una unene wa maikroni 50 hadi 70. Vumbi la zaidi ya maikroni 10, sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni. Unapiga chafya, unapenga, yameisha. Lakini la maikroni 2.5 kushuka chini, wenyewe wanaliita PM2.5, halipigi hodi. Linateremka hadi kwenye vifuko vya hewa huko mwisho wa mapafu. Lile dogo kupita kiasi linaingia mpaka kwenye damu. Ndipo unasikia moyo, kiharusi, saratani ya mapafu. Yaani mie nagombana na la mezani, kumbe mwenzake kashapanga kifuani, na kodi halipi.

Nikamwambia nina feni. Akacheka. Feni inalizungusha tu. Nikamwambia nafunga leso. Akacheka tena. Nikaitaja eisii ya kazini, angalau heshima irudi. Wapi! Ule wavu wake unanasa vumbi nene tu, dogo linapita. Na hapo anatafuna ugali wangu.

Akanionyesha kwenye simu mashine ya kuchuja hewa. Ndani ina kichujio cha HEPA, kinanasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Nikauliza, mbona hawakupima kwa ndogo zaidi? Eti hizo za 0.3 ndizo sugu. Kubwa zinajibamiza zenyewe kwenye nyuzi. Ndogo kabisa zinayumbayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, mwisho zinagusa uzi, zimenasa. Za katikati ndizo zinazopenya. Hata kwenye vumbi, madalali wa katikati hawakamatiki! Nikaona bei. Nikazima simu. Simu yenyewe ya kwake.

Usiku nikawasha dawa ya mbu, ile koili ya kuchoma. Hapo ndipo aliponimaliza. Watafiti walishapima: koili moja ikiungua yote, PM2.5 yake inaweza kulingana na ya sigara 75 hadi 137. Mie sijawahi kushika sigara! Wavutaji wa mtaani nawasema kila siku. Leo naambiwa mvutaji sugu ni mimi, tena navuta nikiwa nimelala, mdomo wazi, bila hata starehe yake. Sijamaliza kununa, kahamia kwenye jiko la mkaa ninaloingiza ndani mvua ikinyesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Nikakosa la kusema.

Basi jirani, kama mashine huiwezi, tubanane hapa hapa: jiko litoke nje, koili itoke nje, chandarua kiingie, na sakafu ipigwe deki badala ya fagio kavu. Na kama unamjua anayeuza chandarua kwa mkopo, mwelekeze kwangu. Huyu mtoto kaondoka na koili zangu zote, na mbu hawajapewa taarifa.