Hema la Mwenyekiti

Ngiri wa Chemchem hajapata kuchimba shimo maishani mwake. Analolala lilichimbwa na Muhanga, usiku, kwa kucha zake mwenyewe, kisha Muhanga akahama. Ngiri akaingia kinyumenyume, meno yakitazama nje, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, na kulipokucha akawaambia majirani kuwa amejenga. Kwa ujenzi huo akapewa uenyekiti wa mtaa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipojipatia Noah iliyotumika na kutangaza kuwa kipupwe hiki familia yake itakwenda kulala porini, karibu na bwawa la Igombe. Lililowashangaza ni hilo neno porini. Nani pale Chemchem alikuwa analala pengine?

Gari likataka hema, hema likataka kamati. Kamati ikataka posho, na hilo ndilo lililoamuliwa kwanza, bila mjadala, kwa hoja ya Fisi.

Kikao cha pili ndipo Mbweha, mfanyabiashara aliyeshuka na treni kutoka Dar es Salaam, alipotandaza bidhaa yake chini ya mwembe. Hema jeupe la pamba nzito, la duara, upana mita 5, nguzo moja katikati yenye kimo cha mita 3. Liliposimama likawa msonge mtupu. Mzee yeyote wa Unyanyembe angeitambua nyumba ya aina hiyo, lakini Mbweha hakuja kuuza msonge, kwa sababu msonge hauna bei.

"Hili ni hema la Walakota wa nyanda za Marekani," alisema, "na linalaza watu 8."

Twiga, mkuu wa kamati ndogo ya ufundi, alikagua kwa kichwa tu, na kichwa cha Twiga kikiingia mahali huenda moja kwa moja juu. Akatoa taarifa kwamba nafasi ni tele. Ngedere alipanda nguzo, akaafiki. Fisi alilamba kamba kutafuta ladha ya ngozi, akakuta ni nailoni, shauku ikampungua ila hakupinga. Mwenyekiti mwenyewe akaingia, akasimama penye nguzo, akajinyoosha, akaona kila kitu kinatosha. Penye nguzo kila kitu hutosha.

Aliyeharibu shughuli ni fundi Mchwa. Mchwa kibarua hana macho, kwa hiyo kilele hakimbabaishi. Hupima kwa kutembea, na huanzia ukingoni. Alitambaa mpaka kwenye nguzo, akarudi, akaomba kusema.

"Wazee wangu, nusu mita kutoka ukingoni, dari iko sentimita 60. Mita moja kutoka ukingoni, iko mita 1 na sentimita 20. Mwenye kimo cha mita 1.6 atasimama wima kwenye sehemu moja tu kati ya tano za sakafu. Na hao 8 mnaotajiwa ni 8 waliopangwa kama spoku za baiskeli, miguu kwenye nguzo, vichwa kwenye umande, bila begi, bila sufuria, bila mtoto anayeamka usiku kwenda kukojoa."

"Huyu katumwa na nani?" Fisi akauliza.

Punda, ambaye ukoo wake umeijua njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kwa migongo, akasema hesabu hiyo si ngeni. Mwaka 1856 afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, alipata hataza ya hema la duara lenye nguzo moja, akiiga ya wenyeji wa nyanda, na humo walilazwa askari 12, vivyo hivyo, miguu katikati. Mwaka uliofuata, Novemba 1857, wasafiri wa Kizungu Burton na Speke wakaingia hapa Tabora, mahali ambapo wao walipaita Kazeh. Njiani bwana alilala hemani, na mpagazi akajikatia matawi na nyasi.

"Sasa nawauliza," Punda akaendelea, "hema la bwana lilibebwa na nani? Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 na kitu. Hili hapa, na nguzo yake na vigingi vyake, halipungui huo."

"Siku hizi linabebwa na gari," Ngiri akamkata.

"Ndiyo maana hakuna anayeuliza uzito," Punda akajibu. "Wala anayeuliza lolote."

Hapa nimtetee Mbweha kidogo, maana hema lenyewe halikuwa baya. La nguzo moja husimamishwa na watu wawili bila kugombana, jambo ambalo si dogo kwa wanandoa waliofika kambini jua linazama. Umbo lake haliupi upepo ukuta wa kusukuma, na pamba hupumua kuliko plastiki. Kwa anayesafiri na gari, uzito ni wa gari. Ila pamba ukiikunja mbichi huota ukungu, na udongo wa Tabora wakati wa kiangazi hupinda vigingi vyembamba. Nguzo nayo ilikuwa ya mti, na nilimwona Mchwa akiigusagusa kwa namna ambayo haikuwa ya kiufundi. Jingine ni moto. Walakota waliwasha ndani kwa sababu hema lao lilikuwa na masikio mawili juu, yanayogeuzwa kwa miti kufuata upepo ili moshi uvutwe nje. Hili lilikuwa na vidirisha vya wavu tu. Anayeingiza jiko la mkaa humo akafunga zipu, asubuhi huamshwa na wengine, naye haamki.

Hayo yote kamati ingeyapitisha. Kilichoizuia ni kuwasili kwa Mama Mkwe.

Kwa ngiri, majike hukaa pamoja na mabinti zao na watoto, dume hupita tu, hata akiwa mwenyekiti. Ngiri alipomwona mkwewe alisogea nyuma ya Noah na kuinamisha kichwa, maana hawatazamani. Bibi naye alizungumza na bintiye.

"Mwambie mwenzio, hiyo nyumba ina vyumba vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Mlango?"

"Mmoja."

"Mimi na yeye tulale duara moja, tuamke tunatazamana?"

Kimya. Suala hilo halikuwa kwenye ajenda. Twiga akapendekeza pazia.

"Pazia litaziba macho," Bibi akasema. "Kukoroma kwake litakuziba vipi?" Kisha akamgeukia Mbweha. "Na hao Walakota, mwanangu, nyumba ilikuwa ya nani?"

Mbweha, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akakohoa. "Ya mama, Bibi. Wanawake ndio walioshona ngozi za baisani, ndio waliosimamisha, ndio walioing'oa siku ya kuhama. Hema lilikuwa mali yao."

"Hilo mbona hukulisema mapema?"

"Sikuulizwa na kamati."

Bibi akafungua pindo la kanga, mlimokuwa na fedha za asali ya msimu, akaanza kuhesabu. Alitaka nguzo ya chuma badala ya mti. Alitaka sakafu iliyoshonwa pamoja na ukuta, siafu wasiwe wageni. Ukingoni wanakaa mizigo, akasema, si watoto. Watoto wanafuata, halafu binti yake, halafu yeye karibu na mlango. Jumla wanalala 5, na Mbweha apunguze bei kwa hao 3 aliowaongeza. Wakapatana.

Igombe walifika salama. Usiku wa kwanza Mwenyekiti aliingia kwenye Noah kinyumenyume, meno yakitazama nje. Ngedere, katibu, aliandika kwenye muhtasari kuwa Mwenyekiti amebaki garini ili kusimamia ulinzi wa kambi. Fisi akauliza kama ulinzi huo una posho ya usiku, na kama unahitaji msaidizi.